Neno moja

Jumatano saa nne asubuhi, masjala. Nimekirudia kile kipande cha mazungumzo kichwani mpaka jana kwenye gari la Mbagala nikapitiliza Kwa Azizi Ali, nikashtukia Mtongani.

Mama wa masjala mnamjua, yule wa chapati za Ijumaa. Kila mwisho wa mwezi anaingiza stakabadhi alizoskani kwenye mfumo: Chagua faili, Pakia, subiri kiduara kizunguke, rudi mwanzo. Moja moja, miaka miwili sasa, na mfumo huo niliuandika mimi.

Basi nikamwonyesha kipengele kipya. Akabofya ya kwanza, akashika Shift, akabofya ya mwisho, zikaingia kumi na mbili kwa mkupuo. Akapiga kofi.

"Hongera, mwanangu. Imekuchukua siku ngapi?"

Nami kwa kupenda sifa: "Wala, mama. Neno moja tu nimeongeza."

"Neno moja."

"Moja tu."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga. "Na hilo neno lilikuwepo tangu zamani?"

"Lilikuwepo."

"Haya."

Haya gani ile? Ipo haya ya kukubali, ipo haya ya kumfukuza mtu kistaarabu, na ipo haya ambayo ni aibu yenyewe. Nadhani nilipewa zote tatu.

Na wala si neno moja! Kuna neno multiple kwenye fomu, la kuruhusu faili zaidi ya moja, sawa, lakini jina la kisanduku cha kuchagulia faili nalo linataka mabano ya mraba mwishoni, la sivyo PHP, lugha niliyoandikia mfumo, inakubakishia faili la mwisho tu. Halafu uandike kitanzi, yaani amri inayojirudia, cha kuyapitia yote moja moja. Nilijifanya fundi wa dakika moja, kumbe namwambia mtu mzima kwamba miaka yake miwili ilikuwa na thamani ya dakika hiyo.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo: mahari ya mdogo wangu imepokelewa, ukuta wa shangazi Tandika umeanguka na mvua, bosi kaaga. Mie niko kwenye haya.

Ijumaa akaniita. Kachagua stakabadhi 34, zimeingia 20, na ukurasa umeandika kwa kijani "Imefanikiwa". Ulimi ulishaanza kumwambia kahesabu vibaya, ndipo nikaona bahasha: kahesabu kwa vijiti, tano tano. 20 kamili! Hapo nikajua. Usipoigusa, max_file_uploads, mpangilio wa PHP wa idadi ya mafaili, inapokea mafaili 20 kwa mara moja, yanayozidi yanaachwa njiani. Na ile "Imefanikiwa" ya kijani ni kazi ya mikono yangu.

Mnisamehe, nilifurahi. Nikapandisha hadi 100. Akajaribu 60, fomu ikarudi tupu kama hajatuma kitu, maana uzito wote ulizidi MB 8 za post_max_size, kikomo cha uzito wa fomu nzima. Nikapandisha na hiyo. Kila kikwazo nilimweleza kwa kirefu, kama mtu anayeleta ushahidi mahakamani, naye kanisukumia chapati ya pili.

"Kumbe maneno mengi," akasema.

"Mengi, mama."

Akacheka hadi miwani ikateleza. Sasa ukurasa unaandika: zimechaguliwa 60, zimeingia 60. Na bado anahakikisha kwa vijiti.

Fundi wa pampu kasema kesho. Tangu Jumatatu anasema kesho, na ndani zimebaki ndoo mbili.