Tundu la Tano

Matundu manne nilikuwa nimeshayamaliza, tena vizuri, bolti zikiingia kwa vidole tu. Yalibaki mawili. Kazi yenyewe ilikuwa bamba la chuma laini lenye unene wa milimita 30, la kubebea beringi ya mashine, nalo lilitakiwa liwe na matundu sita ya bolti za M8 yasiyotokeza upande wa pili. Nilikuwa mwanafunzi karakanani, mwaka wa pili, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyoachiwa mwenyewe tangu kuchora alama hadi kukata hesi, yaani meno ya ndani ya tundu yanayoshika bolti, bila mtu kunisimamia mgongoni.

Kwa asiyewahi kuishika, tepu ni kama bolti ya chuma kigumu sana iliyochongwa mifereji kwa urefu wake, ili meno yapate makali ya kukatia na maranda ya chuma yapate pa kukimbilia. Seti yetu ya mkono ilikuwa na tatu. Yenye mduara mmoja shinani ndiyo ya kwanza. Ncha yake imechongoka kwa mbali, inaingia taratibu. Yenye miduara miwili inafuata. Isiyo na mduara ndiyo ya kumalizia, meno yake yanafika karibu na ncha kabisa, na ndiyo inayoikamilisha hesi hadi chini ya tundu. Nilizipenda zile tepu. Nilikuwa nazifuta kila jioni na kuzirudisha kwenye kisanduku chao kwa mpangilio.

Lakini kabla ya tepu kuna tundu, na hapo ndipo kazi inapoharibikia. Bolti ya M8 ina kipenyo cha milimita 8, na kutoka jino hadi jino ni milimita 1.25. Ukitoa, unabaki na 6.75, kwa hiyo biti yake ya drili ni ya 6.8. Hesabu hiyo niliijua hata usingizini. Matundu manne ya kwanza niliyatoboa kwa 6.8 halisi. La nne lilipoisha biti ilikuwa imeshakuwa butu, inapiga kelele na kutoa moshi, nikaenda kabatini kutafuta nyingine.

Niliyoipata ilikuwa na urefu uleule na rangi ileile. Shina lake lilikuwa limekwaruzwa pande zote, kwa sababu siku moja liliteleza ndani ya kishikio cha drili na kuzunguka humo. Namba ilifutika. Niliiona 6 yenyewe, na baada yake mikwaruzo mitupu. Nikazishika biti zote mbili pamoja mbele ya dirisha, nikazilinganisha kwa jicho, nikaona ni ndugu. Kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo, ilikuwa kwenye droo nyuma yangu, hatua mbili. Hizo hatua mbili bado zinaniuma.

Nikayatoboa yale mawili yaliyobaki, nikaanza kukata hesi kwenye la tano.

Tepu ya kwanza inahitaji kukandamizwa kwenye mizunguko ya mwanzo. Ikishauma inajivuta yenyewe, na kazi ya mikono inabaki kuzungusha tu: nusu mzunguko mbele, robo nyuma ili randa likatike, halafu mbele tena. Safari hii iliuma, lakini mapema mno ikawa nzito. Mpini ulikuwa unazunguka kidogo kabla ncha haijasogea, yaani tepu yenyewe ilikuwa inajinyonga kama kamba, kisha ndipo ikubali. Nilipoirudisha nyuma ililia, mlio mwembamba wa kukereka. Nikaongeza mafuta ya kukatia, nikidhani chuma kina sehemu ngumu hapo. Niliusikia ule mlio, na mikono yangu ilijua kabisa kwamba hali si sawa na kwenye yale manne. Ila nilitaka kumaliza kabla fundi hajarudi, ili akute bamba limekamilika mezani.

Ilipofika kama milimita 12 ndani, mpini ukawa mwepesi ghafla. Kulisikika tiki, kama kijiti kikavu kikivunjwa kwa vidole. Basi.

Nilichungulia. Kipande kilikuwa kimezama milimita 3 hivi chini ya uso wa bamba, pamemeguka kwa kung'aa, chembechembe kama sukari, na mifereji mitatu ikinitazama. Sikuwa na pa kukishika.

Fundi alirudi, akasimama kando ya jiliwa lililobana bamba, akachungulia kama nilivyochungulia mimi. Sikuweza kumwangalia usoni.

"Umejaribu kukitoboa?"

"Hapana, fundi."

"Vizuri, mwanangu. Usithubutu."

Alinieleza huku akivaa miwani ya kazi na kunipa yangu. Tepu imetengenezwa kwa chuma cha aina moja na biti ya drili, kwa hiyo biti haiwezi kuila. Itateleza, itakimbilia kwenye chuma laini pembeni, na badala ya tepu iliyokatika utakuwa na tundu lililokwenda upande. Nyundo pia alikataa, kwa kuwa chuma kigumu namna ile hakipindi, kinapasuka, na vipande vyake vinaruka kuelekea machoni.

Alichofanya kilikuwa cha subira. Kwanza aliyatoa maranda kwa sumaku na waya mwembamba, akadondosha mafuta, akayaacha yanywee. Kisha akakata vipande vitatu vya waya wa springi, akavikata makali kwa tupa hadi kila kimoja kikaingia kwenye mfereji wake kando ya tepu. Juu yake akavisha pete ndogo ya chuma hadi ikagusa bamba, ili zile waya zisitanuke zikisukumwa. Zipo zana za dukani zinazofanya kazi hivyohivyo, zenye vidole vinavyoshuka kwenye mifereji; sisi hatukuwa na ya M8.

Nilitegemea ataanza kuzungusha kinyumenyume kwa nguvu. Wapi! Alisukuma kidogo kulia, kidogo kushoto, kulia, kushoto, mwendo usioonekana kwa macho. Waya mbili zilijipinda, tukachonga nyingine. Mafuta tena. Akaniachia mimi, mkono wake juu ya wangu, nikahisi waya zinavutika kama springi na kurudi, zinavutika na kurudi. Baada ya muda mrefu sana zikavutika zisirudi. Tepu ilikuwa imelegea kiasi cha unywele.

Kuanzia hapo ilitoka robo baada ya robo. Saa moja na nusu ilikuwa imekwenda kipande kilipolala juu ya kitambaa.

Nilianza kushukuru, akanikatisha kwa kunipa kalipa. "Pima tundu la sita."

La sita lilikuwa halijaguswa na tepu. Nikaingiza midomo midogo ya kalipa, nikasoma. Nikasoma tena. 6.5.

Tofauti ya milimita 0.3 ni unene wa karatasi tatu za kuandikia. Fundi alichukua kipande cha chaki akachora jino kubwa kwenye ubao. Kwenye hesi ya M8, kipenyo cha ndani, pale ncha za meno zinapoishia kwenye nati, ni milimita 6.647. Tundu la 6.8 linaacha nafasi kidogo hapo. Tundu la 6.5 ni dogo hata kuliko hesi yenyewe, kwa hiyo tepu hailazimiki kukata mabonde tu, inalazimika kusaga na vilele kwa mizizi ya meno yake, mahali ambapo haikuumbwa kukata. Mlio nilioupuuza ulikuwa unatoka hapo.

Tuliyapanua matundu yote mawili kwa 6.8 mpya, iliyopimwa. Wakati drili ikizunguka alinisimulia habari za Joseph Whitworth wa Uingereza, ambaye mwaka 1841 alipendekeza hesi za kipimo kimoja, zenye pembe ya nyuzi 55, wakati karakana nyingi zilikuwa kila moja inajikatia hesi za kwake na nati ya huku haiingii bolti ya kule. Hesi zetu za milimita zina pembe ya 60, lakini wazo ni lilelile, na alilisema kwa heshima kubwa, kama mtu anayemsimulia babu yake. Mimi tangu siku ile sijawahi kuona nati ikikubali bolti iliyotengenezwa mbali nayo bila kustaajabu.

Tundu la tano lilikuwa na hesi nusu, ikabidi niitafute njia ya zamani. Fundi alinipa tepu ya kwanza nyingine, akanifundisha kuirudisha nyuma taratibu hadi nihisi inadondoka ndani ya bonde, kadondoko kadogo sana, ndipo nianze mbele. Nikaweka guni, kipimo cha pembe mraba, upande mmoja, nikaliweka upande wa pili, tepu ilikuwa wima. Ilikata kimya. Tepu ya pili, ya tatu, bolti ikaingia kwa vidole hadi mwisho. La sita halikuchukua dakika kumi.

Nilipokuwa nafagia nikaichukua ile biti yenye mikwaruzo kwenda kuitupa kwenye pipa la vyuma. Alinizuia mlangoni, akaishika kwenye mwanga, akaizungusha. "Nzima hii. Kosa lake nini?" Akanipa kipande cha ubao mgumu na kalamu, akaniambia nizipime zote kabatini.

Nilizipima hadi giza likaingia. Kumi na moja hazikuwa na namba. Kila moja nilitoboa kwa hiyo yenyewe tundu lake ubaoni, nikaandika kipimo chini yake, nikaichomeka. Ile ya 6.5 niliiweka mwisho, mbali na ya 6.8.