Siku moja maishani mwangu: afisa wa probesheni, Mombasa

Saa 12:30 asubuhi. Niko ferini Likoni, simu inaita. Ni mteja. Siipokei. Anajua saa za ofisi, na mtu aliyefungwa kifungo cha nje kwa kumwandama mwanamke lazima ajifunze kwamba kutojibiwa si dharau.

Saa 2:00. Chai na mahamri juu ya faili. Hakimu anataka ripoti ya mwanamume aliyemtumia mke waliyeachana naye jumbe za vitisho kwa laini tofauti tofauti. Kifungu cha 27 cha sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 kinaweza kumpeleka jela hadi miaka 10. Nampigia mlalamishi. Ana swali moja tu: "Atajua nimehamia wapi?" Si kupitia kwangu.

Saa 4:00. Mteja wa asubuhi, fundi wa friji, amefika na bahasha.

"Madam, ni barua ya kumwomba msamaha. Mpelekee tu."

"Akiisoma, utataka nini?"

"Ajue nimebadilika."

"Halafu?"

Kimya. Halafu anataka jibu, bila shaka. Wengi wa hawa walioachwa hawamfuati mtu ili kumrudisha tu. Kule kufuata ndiyo ndoa iliyobaki. Akiacha, ameachika kweli. Daktari wa akili Paul Mullen na wenzake waliliandika hilo Australia mwaka 1999, nami naliona kila wiki. Kwa hiyo hatuzungumzii mapenzi wala nani alimkosea nani. Tunaandika: ikifika usiku na mkono unaitafuta simu, utafanya nini? Kasema atampigia kaka yake. Tumeanzia hapo. Barua nimeifungia kwenye faili lake.

Saa 7:00. Wali, maharage, fomu.

Saa 9:00. Nyumbani kwa kina fundi, Kisauni. Mamake ananikaribisha vizuri, kisha: "Mwanangu, wazee wakae nao, yaishe." Wazee wana nia njema, lakini kikao hicho ndicho mwanawe anachokitafuta: kuketi naye chumba kimoja tena. Nimekataa kwa heshima. Hata salamu zisipelekwe, mama.

Naaga. Ananisindikiza hadi barabarani akilalamika kuhusu foleni ya duka la simu. Juzi mwanawe alimwomba amsajilie laini mpya kwa kitambulisho cha mama.

Saa 10:40. Bado niko Kisauni, namtafuta yule dada aliyeandamwa na fundi kwenye simu kabla sijampigia mtu mwingine yeyote.