Kukata betri siyo kuriseti: nilivyoifundisha upya kompyuta ya gari yangu

Naandika hii kwa sababu nimechoka kusikia ushauri ule ule kwa kila tatizo la gari za kisasa, "kata betri, subiri kidogo, rudisha, itajiseti yenyewe." Nimeambiwa hivyo na mafundi, nimeambiwa na madereva wa miaka mingi, na kila mmoja anaisema kwa uhakika kabisa. Gari yangu iliteseka kwa ushauri huo mpaka nilipokaa chini nikaelewa kompyuta yake inakumbuka nini, inasahau nini, na nani anatakiwa kuirudishia ilichosahau. Sasa hivi sailensa (yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) imetulia vizuri na sijabadilisha pampu wala koili wala kontroboksi (hiyo kompyuta yenyewe), vyote hivyo niliambiwa ndio ugonjwa.

Yote yalianza siku ya kubadilisha betri. Ile ya zamani ilikuwa imechoka kweli, asubuhi stata inazunguka kivivu, ukiipima kwa mita gari ikiwa imelala unakuta iko chini ya volti 12 wakati betri nzima iliyojaa inatakiwa isome kama 12.6. Nikanunua mpya, ikafungwa, gari ikawaka mara moja, tukaagana na fundi. Makutano ya kwanza tu nimesimama, mguu kwenye breki, gia iko D, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ukaanza kushuka, ukashuka, gari ikatetemeka ikazima. Nikawasha, ikawaka bila shida, nikaondoka, kusimama tena ikazima tena. Ukiwasha AC ndio kabisa.

Nikamrudia fundi. Akaniambia, "Bosi hapo kompyuta imechanganyikiwa, tunakata betri tena, tunaiacha, ikirudi itakuwa na akili mpya." Tukakata, tukarudisha, ikazima vile vile. Mwingine akasema nilale nayo imekatwa usiku kucha. Nayo nikafanya, asubuhi hali mbaya kuliko jana. Mwingine akasema betri mpya ina nguvu sana imeunguza kitu, hilo naomba mlisahau kabisa, betri ya volti 12 ya saizi inayoendana na gari haiunguzi kitu kwa kuwa mpya. Mwingine pampu ya mafuta. Mwingine plagi. Hakuna hata mmoja aliyechomeka mashine kwanza akasoma kompyuta inalalamika nini, na hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinatokea. Gari yangu ni Nissan yenye throto ya umeme, yaani pedeli ya mafuta haina waya wa kuvuta, ina sensa tu (kifaa cha kuhisi umekanyaga kiasi gani), na kompyuta ndiyo inayofungua kile kisahani cha kupitisha hewa. Kisahani hicho kadiri miaka inavyokwenda kinaota utando mweusi pembeni, ule moshi wa mafuta na oili unaganda pale pale ukingoni ambapo hewa ya sailensa inapita. Hewa ikipungua kompyuta haikai kimya, inakifungua kisahani zaidi kidogo, mwezi huu kidogo, mwezi ujao kidogo, na inaandika kwenye kumbukumbu kwamba siku hizi ili gari isizime natakiwa nifungue hivi. Wewe dereva hujui lolote, unaona gari imetulia tu. Siku unakata betri ile kumbukumbu inafutika, kompyuta inarudi kwenye kipimo cha kiwandani, kipimo cha kisahani kisafi. Lakini kisahani chako siyo kisafi! Hewa haitoshi, gari inazima. Kwa hiyo kila nilipokata betri "kuiriseti" nilikuwa naifutia hata kile kidogo ilichokuwa imeanza kujifunza tangu mara ya mwisho.

Nikaacha kukata. Nikawa naendesha hivyo hivyo, nikisimama naweka N na kuigusia mafuta kidogo, ikaanza kujirudi yenyewe, ikaacha kuzima ingawa ilikuwa bado inatetemeka ukiwasha AC. Hapo fundi mmoja akashauri throto isafishwe, na kwenye hilo alikuwa sahihi. Akaifungua, akapiga dawa, akafuta mpaka ikang'aa, akafunga. Tukawasha. Mshale ukapanda 1500 na ukakaa hapo hapo. Ukiweka D gari inaruka mbele kama imepigwa teke, lazima ukanyage breki kwa nguvu. Nikamuuliza sasa hii vipi, akajibu bila hata kufikiri, "Tukate betri."

Nikakataa, nilishachoka kufuta kumbukumbu kwa kubahatisha. Nikamwambia fundi, asante, naondoka nayo hivi hivi.

Na kama umenifuata mpaka hapa, kwa nini mshale ulipanda jibu unalo mwenyewe. Kompyuta ilikuwa imeshajifunza kufungua zaidi kwa ajili ya uchafu, sasa uchafu umeondoka, ufunguzi ni ule ule, hewa inaingia nyingi kupita kiasi. Nikanunua kile kifaa kidogo cha bluetooth kinachoitwa ELM327, siyo cha bei ya kutisha, unakichomeka kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva, simu inasoma. Soketi hiyo ni lazima kwa gari zote ndogo zilizouzwa Marekani kuanzia 1996, na Ulaya gari za petroli kuanzia 2001, kwa hiyo ukiwa na gari ya miaka hii ya karibuni uwezekano mkubwa unayo. Kodi iliyotoka (namba ya kosa ambayo kompyuta imeihifadhi) ni P0507, maana yake sailensa iko juu kuliko kompyuta inavyotarajia. Nikaifuta, ikazimika ile taa ya injini, ikarudi. Kufuta kodi siyo kutengeneza gari, kodi ni taarifa, ukifuta taarifa tatizo liko pale pale, tena unapoteza na ile picha ya hali ya injini iliyohifadhiwa wakati kosa linatokea, joto lilikuwa ngapi, mzunguko ngapi, mwendo gani. Andika kwanza au piga picha skrini, ndio ufute.

Dawa yenyewe kwenye Nissan za throto ya umeme ni kuifundisha sailensa, na inafanyika kwa mguu wako na swichi, bila mashine yoyote. Watu wanaijua ila wengi wanaiacha njiani wanasema haifanyi kazi. Inafanya kazi! Ila ina masharti, na usipoyatimiza inakukatalia kimya kimya bila kukwambia kwa nini.

Kwanza kuna mambo mawili madogo ya utangulizi. Pedeli ikiwa imeachiwa kabisa, weka swichi on bila kuwasha injini, sekunde 2, zima, subiri sekunde 10, weka on tena sekunde 2, zima, subiri tena 10. Hapo kompyuta imejua pedeli ikiachiwa iko wapi. Halafu weka on, zima, na tega sikio upande wa injini, kwa zile sekunde 10 utasikia kisahani kinajisogeza chenyewe, kamlio kadogo kama cha mota ya kichezeo. Ukikasikia ujue kimejifunza kilipofunga. Mimi nilifungua boneti nikamwachia mtu swichi ili nikasikie vizuri, kwa sababu nilitaka uhakika.

Halafu ndio kazi. Injini iwe imepata moto kamili, maji yawe kati ya nyuzi 70 na 100. Betri isome zaidi ya volti 12.9 gari ikiwa inaunguruma. AC imezimwa, taa zimezimwa, redio, kipasha joto cha kioo cha nyuma, kila kitu. Usukani umenyooka. Gia iko P. Kama gari yako inawasha taa zenyewe mchana, vuta hendibreki kabla ya kuwasha injini. Mwanzoni ilikuwa inanikatalia, na kile kifaa cha bluetooth ndicho kilichonionyesha siri, maji yalikuwa bado nyuzi sitini na kitu ingawa geji ya dashibodi ilishafika katikati kitambo. Ile geji isikudanganye, soma namba. Na mara nyingine kila kitu kiko sawa halafu feni ya rejeta inawaka yenyewe, huo nao ni mzigo wa umeme, ngoja izime kwanza.

Mpangilio ni huu. Zima injini, subiri sekunde 10. Swichi on, subiri sekunde 3 kamili. Kanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini uachie, mara 5, zote ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7. Kanyaga mpaka chini ushikilie, taa ya injini itaanza kuwaka na kuzima, wewe shikilia tu kama sekunde 20 mpaka iache kumeta iwake moja kwa moja. Ikiwaka moja kwa moja una sekunde 3 za kuachia pedeli, halafu hapo hapo washa injini uiache bila kugusa kitu.

Ugumu wake wote uko kwenye muda. Ukiangalia saa huwezi kuangalia taa, ukihesabu kichwani presha inakufanya uhesabu haraka, nilimweka mtu pembeni anihesabie naye akawa na kasi yake. Ndipo nikapata wazo ambalo najivunia mpaka leo. Nilikaa sebuleni na saa yenye sekunde, nikajirekodi kwenye simu: "Swichi on... moja, mbili, tatu... kanyaga, achia, kanyaga, achia," mpaka tano zikaisha, halafu kimya huku nahesabu kwa sauti mpaka saba, halafu "Kanyaga, shikilia, angalia taa." Nikairudia kurekodi mpaka muda ukakaa sawasawa na saa. Nikaingia kwenye gari, nikavaa spika moja ya sikio, nikabonyeza, nikawa nafuata sauti yangu mwenyewe macho yakiwa kwenye taa tu. Taa ikameta, ikameta, ikasimama. Nikaachia, nikawasha. Mshale ukapanda 1500, nikahisi moyo unashuka, halafu ukaanza kuteremka taratibu, 1200, 900, ukafika 700 na kutulia pale kama umepigiliwa msumari. Nikaiacha sekunde 20 nyingine, nikaipiga mafuta mara mbili tatu, kila mara inarudi 700. Nikawasha AC. Haikutikisika! Nilipiga kelele peke yangu mle ndani.

Ile rekodi bado ninayo na nimeshawatumia watu, mmoja wao ni fundi.

Ambao gari zenu siyo Nissan, utaratibu wa pedeli siyo huu, msiulazimishe. Kuna gari zinajifunza zenyewe ukiziacha ziungurume sailensa zikiwa na moto, kwanza bila AC halafu na AC, halafu uendeshe kwa utulivu. Kuna BMW ambazo zina sensa kwenye tamino ya betri (kichwa cha kufungia waya), hizo betri mpya inatakiwa isajiliwe kwa mashine, kwa sababu kompyuta inachaji kulingana na umri wa betri, usipoiambia itaendelea kuichaji mpya kama inachaji ile iliyozeeka. Usikubali fundi akwambie hiyo ni mbwembwe.

Wale mnaobadilisha sensa ya hewa au ya oksijeni, kompyuta ilikuwa imeshazoea kurekebisha mafuta kwa ajili ya ile sensa mbovu, kwa hiyo baada ya kufunga mpya futa marekebisho hayo kwa kifaa, halafu angalia namba ya marekebisho ya muda mrefu ukiwa unaendesha. Ikicheza ndani ya asilimia 10 kupanda au kushuka uko salama. Ikizidi hapo kuna kitu kingine, labda paipu ya hewa imepasuka, na kuriseti hakutaziba paipu.

Ukishafuta kumbukumbu usipeleke gari kwenye ukaguzi wa moshi siku hiyo, maana vipimo vya ndani vya kompyuta vyote vinaanza upya na mashine yao itaona haviko tayari. Endesha kwanza, mjini na barabara ndefu, ukiwasha injini ikiwa imepoa.

Na tafadhali, kuna ule mtindo wa kuchomoa betri gari ikiwa inaunguruma eti kupima alternata, ile inayozalisha umeme na kuchaji betri. Mtu akinyoosha mkono kufanya hivyo kwenye gari yako mzuie. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alternata, ukiiondoa ghafla volti zinaruka juu na kontroboksi ndiyo inayozipokea. Alternata inapimwa kwa mita, ukiona kati ya 13.8 na 14.5 gari ikiwa imewaka inatosha.

Ukibadilisha betri anza kutoa tamino ya negativu, na ndiyo iwe ya mwisho kurudisha. Vioo vya umeme vikigoma kupanda kwa mguso mmoja, shusha mpaka chini, pandisha mpaka juu na uendelee kuvuta swichi sekunde chache baada ya kufika juu, fanya hivyo kila mlango. Taa ya utelezi ikiwaka, kwenye gari nyingi inazima ukizungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, halafu ukaunyoosha na kuendesha mbele kidogo. Redio kama ina kodi ya siri itafute kabla hujagusa spana.