Goli la dakika ya 83 alilopewa mtu mwengine

Assalaam alaykum jamani. Hii posti, ya namna mpira wetu wa Zanzibar unavyotangazwa, nimeikalia wiki mbili, kila nikianza kuandika naghadhibika nafuta, leo naiachia vivo hivyo ilivyo.

Siku hiyo nlikuwepo uwanja wa Gombani, hapa Chake Chake. Mechi ya ligi, alasiri, watu wachache, timu zote mbili za huku huku Pemba na sizitaji maana wao hawana kosa lolote. Mpira mgumu, hakuna bao mpaka dakika ya 83, ikapigwa kona, kipa akautema, kijana mmoja jezi namba 14 akauwahi kabla haujadunda mara ya pili akaukata kwa mguu wa kushoto ukagonga mwamba wa pembeni ukaingia. Bao moja bila, mechi ikaisha hivyo. Yule kijana namjua, kwao na kwetu tunapakana ukuta, asubuhi yuko gereji anafungua magurudumu ya gari za ng'ambo, jioni mazoezi, na msimu wa karafuu ukifika anapanda mikarafuu kama wenzake. Hilo ndio goli lake la kwanza kwenye ligi.

Usiku nikapita kwao, mama yake kashaiweka redio juu ya kiti cha ukindu mlangoni, kaipandisha sauti, na majirani wawili watatu wamekaa. Kipindi cha michezo kikaanza. Tukasubiri. Mtangazaji akafika kwenye ligi yetu, akasema timu fulani imeshinda moja bila pale Gombani, goli limefungwa na… akataja jina la mtu mwengine. Na huyo alietajwa siku ile hata jezi hakuvaa, alikuwa anaumwa kifundo cha mguu, kakaa na sisi jukwaani! Habari nzima haikufika nusu dakika, kisha wakahamia kwenye usajili wa Simba na Yanga na hapo ndio wakakaa mpaka kipindi kinakwisha.

Mama yule akanitazama. "Mwanangu, kwani si yeye alofunga?" Nikamwambia ni yeye bi mkubwa, nimeona kwa macho yangu haya. Akasema, "Basi mbona hawakusema?" Sikuwa na jibu. Akaizima redio, akaingia ndani kupakua chakula.

Kesho yake nikamtafuta mtu mmoja anaefanya kazi kwenye kituo kile (kituo sikitaji pia) nikamuuliza kimetokea nini. Akanambia kweli tupu: hakukuwa na mwandishi uwanjani. Wanategemea mtu awatumie matokeo kwa WhatsApp, na siku hiyo alietuma kaandika timu na mabao tu, jina la mfungaji hakuandika, basi mtayarishaji kaweka jina la yule alofunga wiki ilotangulia. Nauli ya kumpeleka mtu Gombani hawana, posho hawana, na huyo huyo anaesoma michezo ndie anaesoma matangazo ya vifo na ndie anaekaa kwenye mitambo. Nlimwelewa. Lakini kuelewa ni kitu kimoja na yule mama kuizima redio yake ni kitu chengine, na mpaka leo masahihisho hayajatangazwa.

Sasa hapa ndipo pananiuma. Mpira wetu hautangazwi kama mpira, unatangazwa kama kitu cha kujazia nafasi. Kaa baraza yoyote ya kahawa hapa Chake, asubuhi, wazee kwa vijana, wanakutajia kikosi cha Simba mpaka wa benchi, nani kagombana na kocha, nani kandarasi yake inakwisha mwezi gani. Waulize nani anaongoza ligi ya Zanzibar, kimya. Siwalaumu, na mie mwenyewe Yanga toka nna miaka saba, siku ya dabi ya Kariakoo silali vizuri. Mtu anazungumza kile anachokisikia, na kinachosikika kutwa nzima ni hicho, redio za Dar zinafungua na uchambuzi wa asubuhi na zinafunga na uchambuzi wa usiku, simu nayo ukiishika tetesi juu ya tetesi.

Na pesa zinafuata kamera. Mwaka 2021 Azam Media na TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, walitiliana saini mkataba wa haki za televisheni wa ligi kuu ya Bara, miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Mie sioni ubaya, tena nawapongeza, ligi ile imepanda kwa sababu inaonekana, klabu ndogo kule zinapata fungu lake, mdhamini anajua tangazo lake litaonekana. Ila tazama upande wa pili. Mfanyabiashara wa hapa petu akiombwa jezi seti moja anauliza swali la haki kabisa, "nani ataniona?" Utamjibu nini? Watu mia mbili jukwaani na ujumbe wa WhatsApp ulokosewa jina?

Tena sisi ndio tulotangulia, hilo ndilo nikilikumbuka naumia zaidi. Redio yetu, Sauti ya Unguja, ilikuwa hewani toka 1951. TVZ, televisheni ya Zanzibar, imeanza 1974 na ilianza na rangi, wakati Bara walikaa mpaka miaka ya tisini ndio wakapata televisheni yao. Kisiwa kilokuwa na televisheni ya rangi 1974 leo kijana wake anafunga goli na hakuna hata klipu ya sekunde tano ya kumuonesha mama yake.

Chukua fainali ya Kombe la Mapinduzi ya 2024, uwanja mpya wa Amaan, Mlandege na Simba. Mlandege wakashinda 1-0, bao la Joseph Akandwanaho, na ndio walikuwa mabingwa watetezi, maana 2023 waliwafunga Singida Big Stars 2-1. Timu ya mtaani kwetu Unguja imechukua kombe mara mbili mfululizo mbele ya timu za Bara zenye pesa! Asubuhi yake nikawasha redio nikitaraji kumsikia kocha wa Mlandege, kipa wa Mlandege, walijipangaje, waliwazibaje Simba katikati. Nlichokisikia ni Simba kakosea wapi. Nani aachwe, nani asajiliwe, kocha abaki asibaki. Saa nzima nzima. Mshindi akawa kama shahidi wa msiba wa mwenzake.

Au Disemba 2017, Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, kwenye Kombe la Challenge la Afrika Mashariki na Kati kule Kenya. Wale vijana wa Hemed Suleiman "Morocco" waliifunga Bara 2-1, nusu fainali wakamtoa Uganda 2-1, fainali na mwenyeji Kenya 2-2, yote mawili ya Khamis Mussa "Makame", tukatolewa kwa matuta. Mwaka ule ule CAF, shirikisho la mpira la Afrika, walikuwa wametupa uanachama kamili mwezi wa Machi na mwezi wa Julai wakautwaa. Nakumbuka mjadala wa uanachama ulivyokuwa, studio zote wanasheria, wanasiasa, muungano hivi muungano vile, na mpira wenyewe hakuna aliekwenda kuutazama, hakuna aliekwenda uwanja wa Mao Zedong kule Unguja au Gombani kuonesha hii ligi mnayoibishania inachezwaje na nani anaicheza. Halafu Morocco baadae kawa kocha wa Taifa Stars, akaipeleka AFCON, ndio watu wa Bara wanauliza huyu katokea wapi. Katokea hapa hapa, miaka yote alikuwepo.

Fei Toto, yaani Feisal Salum, hali kadhalika. Kabla ya Yanga 2018 alikuwa JKU, klabu ya Unguja, watu wa Unguja walikuwa wanamuona kwa macho kila wiki, lakini ukitafuta leo picha za video za Fei wa JKU utahangaika. Kijana wa huku kwa vyombo vya habari anazaliwa siku anayopanda boti kwenda Dar. Na wa Pemba ana bahari mbili za kuvuka.

Nisiseme mabaya matupu. Januari 2025 Mapinduzi ililetwa Gombani, safari hii kwa timu za taifa badala ya klabu, na ile wiki mbili nliona kitu ambacho sijawahi kukiona: kamera, waya, watangazaji, watoto wa Machomane wanagombania kusimama nyuma ya mwandishi waonekane. Zanzibar Heroes ikamfunga Burkina Faso 2-1 ikabeba kombe, na mji haukulala, honda zinapita mpaka alfajiri. Watoto wa skuli mwezi mzima wakicheza chandimu wanaitana majina ya Heroes! Sio Messi, sio Aziz Ki, majina ya kwetu. Wiki mbili tu za kamera zimefanya hivyo. Kisha kamera zikaondoka, na majina yakaondoka kidogo kidogo.

Mtu pekee ninaemjua alieweka kumbukumbu za mpira wa Pemba kwa miaka ni ami yangu, na hakulipwa na mtu. Ana madaftari kumi na moja ya skuli, yale ya kurasa 96, ndani kaandika kwa kalamu ya wino: tarehe, uwanja, timu, wafungaji na dakika, na pembeni saa nyengine neno moja, "mvua", "mwamuzi mbovu", "kipa mzuri huyu". Akikosa mechi anatuma mtu amuulizie, na asipopata uhakika anaacha nafasi tupu, hajazi kwa kubuni. Nlipomhadithia habari ya redio hakusema neno, kanyanyuka kachukua daftari la kumi na moja, kaniuliza dakika ngapi, mguu gani, kaandika jina la yule kijana kamili, mpaka la babu yake.

Nliupiga picha ukurasa ule nikaupeleka jirani. Mama yake hajui kusoma haya maandishi yetu vizuri, anasoma Qur-ani, akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akasema nisome tena.

Toka siku hiyo kila Ijumaa baada ya sala nakwenda kwa ami na simu yangu napiga picha madaftari ukurasa kwa ukurasa. Nimefika la nne. Kuna kurasa zimeshikana kwa maji, paa lilivuja mwaka wa El Nino, zile ami ananisomea kwa kichwa na mie naandika, pale asipokumbuka tunaacha wazi.