Mkishinda mnapanda?

Saa sita na nusu usiku. Wenzangu wawili wa timu wamelala, mmoja anakoroma hadi mlango unasikia. Niko jikoni na barafu gotini (lile lile, la kulia) na bado namsikia bamdogo.

Jumapili nilimpigia kambini Nyarugusu, Tanzania, kama kawaida. Shikamoo, marahaba, Mama hajambo, goti je. Halafu akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya:

"Mwaka huu mkishinda mnapanda?"

"Hapana, bamdogo. Huku Marekani hakuna kupanda daraja."

"Na mkishindwa mnashuka?"

"Hatushuki."

Kimya kidogo. Nikasikia jogoo nyuma yake.

"Sasa, baba, mnacheza nini?"

Nilicheka, nikamuuliza habari za mvua. Simu ilikatika, swali likabaki. Jumatatu nimefundisha mpira watoto wa chini ya miaka kumi, Jumanne klabu imeniongezea mwaka mmoja, leo tumekimbizwa mpaka mmoja wetu akatapika, na kote huko niko na bamdogo kichwani. Sasa, baba, mnacheza nini?

Majibu ninayo, tatizo yamekuja nikiwa bafuni. Ningemwambia hivi: juu kuna MLS, ndiyo ligi kuu ya huku, chini yake USL Championship, daraja la pili, halafu sisi wa League One, daraja la tatu. Ukuta uliopo kati ya ngazi hizo haupandwi kwa mabao. Timu ya San Diego iliingia MLS kwa ada iliyotajwa kuwa dola milioni 500. Huku kupanda kunanunuliwa, bamdogo, na kushuka vilevile ni uamuzi wa mwenye mali. Richmond Kickers, wale ambao uwanja wao niliwahi kukusimulia, wapo tangu 1993, wakabeba Open Cup 1995, kombe la taifa la huku lililoanza 1914. Mwaka 2019 wakahamia daraja letu kwa hiari yao. Hakuna aliyewafunga wakashuka. Waliketi tu wakapiga hesabu.

Na Machi 2025 wamiliki wa timu za USL, yaani ligi yetu na ile iliyo juu yetu, wamepiga kura kukubali kupanda na kushuka, mpango ukiwa msimu wa 2027 kuingia 2028. Kiungo mkabaji mwenye goti hili atakuwa wapi 2028, hilo hawakulipigia kura.

Lakini najua angenijibu nini. Angenitajia Mashujaa, timu ya Kigoma. Walipopanda Ligi Kuu ya Tanzania 2023 alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, mtu mzima analia, na hajawahi kukanyaga Uwanja wa Lake Tanganyika hata siku moja. Mkimbizi hatoki kambini hivihivi kwenda Kigoma mjini kutazama mpira. Redio tu. Na bado kupanda kwao kulikuwa kwake.

Mimi nani amewahi kulia kwa ajili ya daraja langu? Mkataba wa miezi kumi, kitanda cha klabu, kuanzia Desemba najitegemea kwa watoto wa watu na koni zangu kwenye buti la gari. Dada anasema niandike kwamba napenda kazi yangu. Napenda. Ndiyo maana imeuma.

Sasa leo jioni nikamsimulia Mama. Alikuwa anakunja nguo, hata hakuinua kichwa.

"Na yeye alipanda wapi?"

Nikanyamaza. Kweli kabisa! Bamdogo alicheza namba sita miaka yote ile kambini, zoni dhidi ya zoni, peku, kwenye uwanja wenye kisiki upande wa kushoto ambacho kila mtu alikijua isipokuwa wageni. Msimu ukiisha mnaanza upya, timu zilezile, kisiki kilekile. Ungepanda uende wapi, nje ya uzio? Na ni yeye aliyenifundisha kuhesabu watu kabla mpira haujafika. "Shingo, shingo!" alikuwa anapiga kelele pembeni. Geuza shingo, jua nani yuko nyuma yako, ndipo upokee. Chuoni walinifundisha jambo hilohilo kwa video na mishale ya rangi, na kocha akashangaa nimelijulia wapi.

Nikasubiri saa tano, kwake ikiwa saa kumi na mbili asubuhi. Salamu sikuzimaliza vizuri, Mungu anisamehe.

"Bamdogo, na nyie mlikuwa mnapanda wapi?"

Akachukua muda. Nilidhani nimemkosea adabu.

"Sisi?" akasema. "Sisi kulikuwa na mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mshindi anapewa mbuzi. Umesahau? Ulikula, wewe. Nyie huko kuna mbuzi?"

Nikamwambia hakuna mbuzi. Akacheka mpaka akakohoa, kisha nikamsikia anamsimulia mtu aliye karibu, kwa Kibembe, kwamba Marekani yote nzima hawana mbuzi. Nimecheka hadi barafu ikaanguka. Sikumpa hata jibu moja kati ya yale ya bafuni. Mkataba nao nilisahau kumwambia, nitamwambia Jumapili.

Jumamosi tunacheza nyumbani. Nimeulizia kwenye kundi la wachezaji kama kuna anayejua bei ya mbuzi mzima hapa mjini, nahodha amenijibu kwa alama ya kuuliza.

Kitu kingine. Dagaa wa Mama waliobebwa kutoka Kigoma mwezi uliopita bado hawajafika. Yule aliyewabeba tulijua anatua Jumatano iliyopita, na simu yake tangu hapo haiiti. Mama hasemi kitu, ila leo nimeona ameshatoa ile sufuria kubwa kabatini.