Mchuzi juu au pembeni?

Watu wakisikia kwamba najitolea jikoni kwenye kituo cha kuhudumia watu wasio na makazi, huniambia nina moyo. Moyo ninao, wa kawaida tu. Kule kinachofanya kazi ni mgongo, na vidole ambavyo mpaka mwisho wa zamu vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Kugawa chakula kwenyewe huisha upesi. Muda mwingi unakwenda kwenye kumenya, kukatakata, kufuta meza, kubeba vitu vizito na kusugua masufuria yenye ukoko. Nimeona wanaokuja wakitamani kusimama dirishani na upawa mkononi; wengi hawarudi. Wanaopenda kuosha vyombo ndio wanaodumu.

Kazi yangu ya mshahara ni ya hesabu, na pengine ndiyo maana nilipatana mapema na kipimajoto. Nilidhani nitafundishwa kupika, kumbe somo la kwanza lilikuwa kupoza. Chukua wali. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, ambaye hutengeneza vijimbegu visivyokufa kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu, vijimbegu vinaamka, bakteria wanazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha tena mpaka ufuke mvuke. Sufuria ya nyumbani inapoa haraka. Sufuria ya kulisha umati unaweza kuigusa juu ukasema imepoa, kumbe katikati bado pana joto saa nyingi baadaye. Kwa hiyo wali uliobaki tunautandaza kwenye trei pana, tabaka jembamba, halafu tunapima katikati: kutoka nyuzi 60 ushuke hadi 21 ndani ya saa 2, kisha ufike 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Usipofika, unatupwa.

Kutupa chakula wakati foleni iko mlangoni kunauma, sikatai. Siku moja kijana mgeni kwenye zamu aling'ang'ania: jamani, hawa wana njaa, wataula tu. Mama anayesimamia jiko hakupandisha sauti. "Wewe ukiharisha, baba, una choo na una kitanda. Huyu wa nje ataharishia wapi?" Kijana akachukua trei, akaenda kumwaga.

Maharage nayo yana mambo yake, hasa yale mekundu makubwa. Yakiwa hayajaiva yana sumu ya asili inayotapisha vibaya, na kuyaacha kwenye moto mdogo siku nzima hakutoshi kuiondoa. Yanalowekwa, maji yanamwagwa, kisha yanachemka kwa nguvu angalau dakika 10 ndipo moto upunguzwe. Mama wetu hasogei pale mpaka dakika zitimie. Ukimsemesha anakunyooshea kidole saa ya ukutani.

Hayo ni ya sufuria. Ya watu yalinichukua muda zaidi kuyaona. Mtu akiishi nje miaka mingi, meno yanakuwa ya kwanza kuharibika na ya mwisho kutibiwa. Unaweza kupika nyama ya kusifiwa, mtu akaitazama, akachukua mkate na kuondoka bila neno. Hasemi kwamba hawezi kutafuna. Nani atasema hivyo mbele ya foleni? Sasa kila siku lazima kiwepo kitu laini, nacho hakiitwi chakula cha wagonjwa wala hakiwekwi kona ya peke yake. Kinakaa katikati, ladha yake nzuri kama vingine, anayekitaka anakipata bila kujieleza.

Halafu kuna wenye kisukari. Chupa ya insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na mtu anayelala barazani friji ataitoa wapi? Kituoni kwetu lipo friji dogo la dawa, lenye kufuli, mbali na la maziwa. Lakini jambo lililonishtua ni la foleni. Mtu akishajidunga ile insulini ya kabla ya kula, halafu chakula kikachelewa, sukari inaweza kushuka hadi akaanza kutetemeka, kutokwa jasho na kuongea ovyo, na asiyejua atasema amelewa. Kwa hiyo anayetuambia ameshajidunga anapewa sahani palepale, foleni iwe ndefu namna gani. Wenzake wakinung'unika tunawaambia subirini kidogo, na sababu hatuitaji, maana ugonjwa ni wake, si wetu wa kutangaza.

Nikiwekwa dirishani, najitahidi kuuliza. Mchuzi juu au pembeni? Kiasi hiki au niongeze? Wa kuketi au wa kubeba? Wapo wanaojitolea wanaoona maswali haya yanachelewesha watu, na kwa saa ya ukutani wana haki. Mwaka 1847, wakati wa njaa kuu ya Ireland, mpishi maarufu Alexis Soyer alifungua jiko la supu mjini Dublin lililokwenda kwa kengele: watu mia moja wanaingia, wanakula kwa vijiko vilivyofungwa kwa mnyororo, kengele inalia, wanatoka, wanaingia wengine. Alilisha maelfu kwa siku, simbezi hata kidogo. Lakini kile kijiko cha mnyororo kinanikaa kichwani. Mtu aliyelala kituoni jana ameamshwa kwa saa ya watu, ameoga kwa zamu, amevaa nguo alizochaguliwa. Mchuzi uende wapi, hilo angalau aamue yeye. Yuko mzee mmoja ambaye kila mara hufikiri kwanza, kwa makini kabisa, kisha husema "pembeni", na kila mara huwa ni pembeni. Foleni imeshamzoea.

Picha hatupigi. Aje mfadhili, aje nani, simu zinabaki mfukoni. Mtu hajaja kula ili uso wake uzunguke mitandaoni.

Kama una nia ya kuja, siku za sikukuu tunajaa mpaka tunapishana kwa mabega. Njoo katikati ya wiki, mwezi usio na jambo lolote. Vaa viatu vya kufunika vidole, funga nywele, na kama unaumwa tumbo baki nyumbani. Ukitaka kuleta vyakula vya kopo, geuza kopo uangalie kifuniko kwanza. Tunayoyahitaji ni yenye pete ya kuvuta, na ndani chakula kinacholika bila kupashwa, kwa kuwa anayekichukua hana jiko wala kifungulio. Kuna mgeni alinirudishia kopo la samaki dirishani, akaligongagonga kwa ukucha. "Kaka, hili nilifungue kwa meno yapi?" Kisha akafunua mdomo kunionyesha yaliyobaki, akacheka yeye kwanza, nami nikaenda stoo kumtafutia jingine.