Presha ya mjamzito haiandikwi I10

Ofisini tunaziita kodi. Mama yangu, yuko Ujiji, kwa muda mrefu aliamini nimeajiriwa hospitali kutoza ushuru. Kumbe ni misimbo ya magonjwa, ICD-10, orodha ya Shirika la Afya Duniani, lenye makao yake Geneva. Fomu ya madai ya bima isiyo na msimbo hairudi na hela.

Nilianza kazi ya madai hapa Kigoma nikijua kompyuta tu. Aliyenitangulia aliniachia karatasi ya misimbo kama ishirini iliyobandikwa mezani, nikaikariri. Ikaniponza. Mwezi wa pili fomu zilirudi rundo zima, nyingi za wajawazito wenye presha. Zote nilikuwa nimeziandika I10, maana kwenye karatasi yangu presha ilikuwa hiyo moja tu.

Muuguzi wa wodi ya wazazi akaniita pembeni. "Mdogo wangu, huyu ana mimba. Mbona umempanga na wazee wa kliniki ya presha?"

Nikakaa naye jioni mbili. Orodha ina sura 22, na karibu kila sura ina herufi yake. Mimba na uzazi ni O, na mjamzito presha yake huandikwa humo. Aliyekuwa nayo kabla ya kushika mimba ni O10. Ikianza mimba ikiwa imeshakua ni O13. Mkojo ukionyesha protini, inahamia O14. Anayejua tofauti hizo ni aliyempima, si mimi, kwa hiyo tangu siku hiyo narudi na faili kwa daktari hata akinuna. Na hununa.

Karatasi niliibandua. Malaria nayo nilikuwa naiandika B54 kwa kila mtu, wakati B54 ni ile isiyothibitishwa na kipimo; wadudu wa falsiparamu, aina mojawapo ya wadudu wa malaria, wakionekana, ni B50. Ajali ndiyo iliyonifurahisha, sijui kwa nini. Kijana wa bodaboda aliyeteleza njia ya Kibirizi akavunjika mkono chini ya kiwiko anapata misimbo miwili: S52 ya mfupa, na V28 ya pikipiki iliyoanguka bila kugongana na kitu. Angegongwa na gari ingekuwa V23. Mmoja unasema ameumia wapi, wa pili ameumiaje.

Kilichobaki kunisumbua ni mwandiko. O10 au 010? I10 au 110? Nikashika kwamba katika ICD-10 alama ya kwanza ni herufi daima, basi. Baadaye nikasoma kuwa ICD-11, toleo jipya la orodha hiyo, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, imeziacha kabisa herufi O na I kwenye misimbo yake ili zisichanganywe na sifuri na moja. Nilimpelekea yule muuguzi habari hiyo mbio mbio.

"Kumbe hata huko Geneva," akasema, "mwandiko wa madaktari umewashinda."